Kitabu cha Bure Kinahitaji Mtunzaji Anayelipwa

Chuo kikizindua mradi wa nyenzo huria za elimu, mazungumzo mengi huwa juu ya leseni na tovuti. Wahadhiri huhimizwa wapandishe noti zao mtandaoni, ruzuku inatumika mpaka inaisha, na miaka miwili baadaye mwanafunzi anayekuta jibu lililokosewa nyuma ya kitabu hana wa kumweleza. OpenStax, mradi wa vitabu huria ulio chini ya Chuo Kikuu cha Rice mjini Houston, Marekani, unafaa kuchambuliwa kwa sababu ulianza na mfumo mmoja, ukauacha, ukajenga mwingine. Tofauti ya mifumo hiyo miwili inaonyesha kinachokifanya kitabu huria kidumu.

Mfumo wa kwanza uliitwa Connexions. Ulianzishwa mwaka 1999 na Richard Baraniuk, profesa wa uhandisi pale Rice. Wazo lake lilikuwa kukivunja kitabu kiwe moduli, yaani vipande vifupi, kila kimoja na dhana yake. Moduli ziliandikwa kwa XML ili fomula na vielelezo viweze kusomwa kwenye skrini au kuchapwa karatasini bila kuandikwa upya. Mhadhiri aliweza kuchukua moduli ya mwenzake, kuirekebisha, na kuipanga pamoja na nyingine hadi apate mkusanyo unaolingana na kozi yake. Hakukuwa na mhariri mlangoni: yeyote alichapisha. Ubora ulipimwa baadaye kupitia kilichoitwa lenzi, orodha ambayo chama cha kitaaluma kiliiandaa kuonyesha moduli kilizozipitia na kuziidhinisha.

Kiufundi ulikuwa mfumo safi. Darasani ulimtwika mhadhiri mzigo mzito. Anayefundisha fizikia ya mwaka wa kwanza kwa mamia ya wanafunzi anahitaji sura zifuatane kama kozi inavyokwenda, alama zisibadilike njiani, na kila sura ifungwe kwa maswali yenye majibu. Moduli za waandishi tofauti hazina ahadi hiyo. Huyu anaanza na kanuni, yule anaanza na jaribio. Huyu anadhani msomaji anajua vekta, yule anazifundisha upya. Kuvioanisha vipande hivyo ni kazi ya uhariri, na Connexions ilimwachia kazi hiyo mtu mwenye muda mchache kuliko wote.

Ndani ya Connexions yenyewe kulikuwa na dalili ya njia bora. Barbara Illowsky na Susan Dean, walimu wa De Anza College huko California, walikuwa wameandika kitabu kizima cha takwimu kwa ajili ya kozi waliyokuwa wakiifundisha. Mwaka 2008 taasisi ya Maxfield Foundation ilinunua haki miliki yake, na kitabu kikawekwa humo kwa leseni huria. Kilikuwa na mtiririko mmoja, maswali yake, na majibu yake. Mwalimu angeweza kukiagiza kama kilivyo na kuingia nacho darasani.

Mwaka 2012 njia hiyo ikawa ndiyo njia kuu. Mradi, sasa kwa jina la OpenStax, ulianza na vitabu viwili, cha fizikia na cha sosholojia, vyote vya kozi za utangulizi zinazosomwa na wanafunzi wengi. Uteuzi huo ulikuwa uamuzi wa kiuchumi: kitabu kimoja cha kozi yenye wanafunzi wengi kinarudisha thamani ya uhariri wake haraka kuliko vitabu ishirini vya kozi za wachache. Sura zilipangwa kwa kufuata mihtasari ya kawaida ya kozi hizo, waandishi wakalipwa, wahadhiri wengine wakapitia rasimu kabla ya kuchapishwa, na mwalimu akaandaliwa slaidi na miongozo ya majibu. Kusoma mtandaoni au kupakua PDF ni bure. Nakala ya karatasi inauzwa kwa bei nafuu. Kile kitabu cha takwimu cha De Anza kikawa msingi wa Introductory Statistics ya OpenStax. Connexions nayo ilifungwa hatimaye, moduli zake zikahifadhiwa kwenye Internet Archive.

Uchambuzi mwingi huishia hapo, ilhali sehemu yenye mafunzo zaidi ni matengenezo. Tuseme mwanafunzi anakokotoa swali na kupata jibu lisilolingana na la kitabu. Kwenye ukurasa wa kitabu hicho kuna fomu. Anajaza mahali kosa lilipo na maelezo yake. Mtaalamu wa somo analipima dai na kutoa uamuzi. Kosa likithibitishwa, linasahihishwa, na orodha ya masahihisho ya kitabu hicho iko wazi kwa kila mtu. Toleo jipya hutolewa pale tu mabadiliko yanapokuwa makubwa, kama ilivyokuwa kwa kitabu cha Biology mwaka 2018. Katika biashara ya kawaida ya vitabu vya chuo, toleo jipya huja kila baada ya miaka michache, maswali yakapewa namba nyingine, na kitabu cha mwaka jana kikakosa mnunuzi. Mchapishaji asiyeishi kwa mauzo ya matoleo hana sababu ya kufanya hivyo.

Nani analipa? Kazi ya kuandika ilibebwa zaidi na wafadhili, zikiwemo taasisi za Hewlett na Gates. Fedha za kuendesha zinatoka pia kwa kampuni zinazojenga majukwaa ya mazoezi juu ya vitabu hivyo na kulipa ada ya kuuchangia mradi. Hapo ndipo leseni inapoonyesha faida yake. Vitabu vingi vilitolewa kwa leseni ya CC BY, inayoruhusu kunakili, kubadili na hata kuuza, alimradi chanzo kitajwe. Kampuni zinapata nafasi ya kufanya biashara, na mradi unapata mchango. Taasisi ya Katalyst Education huko Poland iliitumia ruhusa hiyohiyo kutoa fizikia ya chuo kikuu kwa Kipolandi.

Hata hivyo leseni si moja kwa vitabu vyote. Profesa John McMurry alikitoa kitabu chake, Organic Chemistry, kilichouzwa kibiashara tangu 1984, ili toleo la kumi litoke OpenStax mwaka 2023 kwa kumbukumbu ya mwanawe aliyefariki kwa ugonjwa wa cystic fibrosis. Kitabu hicho kina leseni inayokataza matumizi ya kibiashara. Kwa hiyo mhadhiri wa Dodoma au Eldoret anayetaka kuunganisha sura za vitabu viwili asome kwanza leseni ya kila kimoja.

Kwa vyuo vyetu, ambako wanafunzi bado hupanga foleni stesheneri kutoa kopi za sura za kitabu kimoja, hesabu ianze na kozi moja yenye wanafunzi wengi. Iwe na mhariri mmoja anayelipwa, na ofisi inayopokea masahihisho hata ruzuku ikiisha. Pendekezo la mradi lisilotaja nani atalipwa kusahihisha kitabu mwaka wa nne lirudishwe kwa aliyeliandika.