Mzee, Maikrofoni na Masafa Yaliyo Baina Yao

Kenyatta Market watu huendea nyama choma na kusukwa nywele. Walakini mimi niliingia humo kwa ajili ya santuri, madhali kibanda cha Jimmy Rugami kimeziuza tangu mwaka 1989, nami nilikuwa nimepewa dhamana ya mitambo ya sauti katika tamasha la jijini ambamo mzee mmoja wa kizazi cha Daudi Kabaka na John Nzenze, walioichezesha Nairobi twist katika miaka ya 1960, angepanda tena jukwaani. (Asiudharau mtu muziki huo: Helule Helule wa Kabaka uliimbwa na The Tremeloes huko Uingereza mwaka 1968.)

Katika santuri za zama hizo maikrofoni zilikuwa chache, hata mwimbaji akalazimika kuusawazisha muziki kwa miguu yake mwenyewe, akisogea kwa maneno ya taratibu na kurudi nyuma apazapo sauti. Kwani penye uwazi, umbali ukizidishwa maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Mzee wetu hakuiacha ada hiyo. Fundi kijana asiyeijua, aonapo sauti imeshuka, huipandisha kwenye meza ya kuchanganyia sauti, na kabla hajaondoa kidole mzee amekwisha rejea karibu, sauti ikalipuka. Fundi akaishusha, mzee akarudi nyuma, na chombo chenye manahodha wawili kikaenda mrama.

Kwa hiyo niliuacha mkono wa kurekebishia sauti yake mezani mahali pamoja tangu mwanzo wa wimbo hata mwisho, nikailegeza na kompresa, yaani kibana sauti, ambayo ikikazwa huziinua pumzi za mwimbaji pamoja na kishindo cha ngoma kinachopenya maikrofoni yake. Hilo lina gharama. Maikrofoni yenye kuelekea upande mmoja huongeza sauti nzito mdomo ukiwa karibu, na mdomo ukienda mbali uzito huo hutoweka, ilhali matoazi huingia bila hodi. Ndipo tulipozisogeza ngoma nyuma, tukageuza pembeni spika ya gitaa la solo, nami nikalipunguza gitaa hilo kati ya herzi 2,000 na 4,000, ambamo masikio hutafuta ubayana wa maneno.

Aliomba aongezewe sauti katika spika ya miguuni. Aghalabu uzee huanza kuyanyang'anya masikio sauti za juu, basi alichohitaji si kishindo bali wembamba. Niliongeza huo kwa kadiri, na spika nikaiweka nyuma ya maikrofoni sawasawa, upande ambao aina tuliyotumia husikia kidogo kabisa, isije ikapiga mluzi.

Kuhusu ufunguo wa nyimbo, santuri si shahidi wa kuaminika. Mashine inayozunguka kwa kasi iliyozidi asilimia 6 huupandisha wimbo karibu nusu toni, na kijana wa gitaa aliyejifunzia hapo hujikuta juu ya wimbo ulivyorekodiwa, sembuse juu ya koo la mtu mzima wa leo. Mzee alitaka nyimbo zishushwe toni nzima. Kuhamisha vidole peke yake kungeondoa nyuzi zinazoachwa wazi, na mlio wa twist hutegemea sana nyuzi hizo. Basi magitaa yote, na besi nayo, yalilegezwa toni moja, vidole vikabaki palepale na mlio wake ukasalimika. Hiyo ndiyo hikima niliyoipenda kuliko zote, wala haikuwa yangu: mzee ndiye aliyeiamuru wakati wa majaribio.

Sehemu ya juu ya kiitikio aliwaachia vijana wawili, nami nikawaweka chini yake kidogo, kwa taadhima. Katika wimbo wa pili alinigeukia huku akiendelea kuimba, akanionyesha wale vijana, kisha akainua kidole. Nikawapandisha.