Oili ya Gia: Jina Moja, Vitu Viwili

Miongoni mwa tafsiri zilizotufikia kwa ajili ya kuhakikiwa ni mwongozo wa utunzaji wa magari uliokusudiwa madereva na mafundi. Lugha yake ni sanifu na sarufi yake haina dosari kubwa. Hata hivyo, katika sura inayohusu giaboksi ya kuingiza gia kwa mkono, mfasiri ameteleza mahali ambapo kuteleza kwake kunaweza kuharibu gari la mtu.

Kwanza ni jina lenyewe. Mwongozo unatumia "mafuta ya gia" kwa giaboksi na kwa difu bila kutofautisha. Neno "mafuta" limebeba mengi: dereva akiambiwa atie mafuta huelekea kituo cha petroli, na mpishi huelekea jikoni. Karakana zetu zimekwisha kulitatua tatizo hili kwa kusema "oili", na hatuoni sababu ya kulikimbia neno hilo. "Kilainishi" kibaki kuwa jina la jumla, linalokusanya oili na grisi pamoja.

Lakini hata "oili ya gia" haitoshi. Katika difu nyingi, meno ya gia husuguana kwa kuteleza chini ya mgandamizo mkubwa. Kwa hiyo huhitajika oili ya daraja la GL-5, yenye viambato vingi vya salfa na fosforasi vya kuyakinga meno hayo. Giaboksi nyingi huagiziwa GL-4, ambayo viambato vyake hivyo ni takriban nusu. Ndani ya giaboksi mna pete, aghalabu za aloi ya shaba, zinazosawazisha mwendo wa gia kabla hazijaingiana. Baadhi ya oili za GL-5 huweza kuzila pete hizo, au kuzifanya ziteleze mno zisishike. Hapo gia hulia na kukataa kuingia. Tena ziko giaboksi, mathalani ile ya Peugeot 504, zilizoagiziwa oili ya injini. Basi istilahi na itaje mahali: "oili ya giaboksi" na "oili ya difu". Alama ya daraja inakiliwe kama ilivyo koponi, isifasiriwe.

Pili ni namba. Mwongozo unasema kuwa oili ya gia namba 90 ni "nzito mara mbili" kuliko oili ya injini namba 40. Sivyo. SAE, chama cha wahandisi wa magari kilichoanzia Marekani, kimeweka vipimo viwili tofauti, kimoja cha injini na kimoja cha gia. Namba 90 ya gia hukaribiana na namba 40 au 50 ya injini. Neno "uzito" ndilo lililompoteza mfasiri. Kinachopimwa ni "mnato", yaani jinsi oili inavyokinza kutiririka.

Tatu ni vitenzi. "Jaza" limetumika kwa kutia oili mpya yote na pia kwa kufidia iliyopungua. Hilo la pili lingekuwa "ongeza". Na agizo la "jaza mpaka kwenye nati" halieleweki: nati ipi? Kwa giaboksi nyingi lingesomeka hivi: "Egesha gari mahali tambarare, oili ikiwa vuguvugu. Legeza kwanza nati ya kujazia, iliyo ubavuni, ikikataa, usimwage. Kisha fungua nati ya kumwagia, iliyo chini. Oili ikiisha kutoka, ifunge nati hiyo, ujaze oili mpya mpaka ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia." Aliyemwaga kabla hajahakikisha pa kujazia hubaki na gari lisilokwenda.

Yumkini wako watakaolalamika kwamba "oili", "giaboksi" na "difu" ni maneno ya kigeni. Ni kweli, lakini fundi anayeshika spana anayafahamu, naye ndiye msomaji. Kazi yetu si kumnyang'anya maneno yake, bali kuyawekea mipaka ili kila moja litaje kitu kimoja. Walimu wa ufundi na wafasiri wanaombwa watuletee maneno yanayotumika katika karakana za kwao, hasa jina la zile pete za shaba, ambalo bado halijasanifiwa.