Orodha ya Maneno na Maana ya "Bara": Uhakiki

Mnamo Aprili 2022, miezi 4 kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno na mafungu ya maneno zaidi ya 20 ambayo, kwa maoni yake, huchochea chuki mikutanoni na katika mitandao ya kijamii. Miongoni mwake yamo "madoadoa", "kwekwe", "mende", "wakuja" na "wabara waende kwao". Orodha hiyo ni kamusi ndogo, na kamusi, hata ikitolewa na chombo cha sheria, haina budi kuhakikiwa kama kamusi.

Fungu la mwisho halikuzaliwa katika intaneti. Mwezi Agosti 1997 vikaratasi vya kuwataka watu wa bara waondoke vilienea kusini mwa Mombasa. Tarehe 13 ya mwezi huo kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa. Katika fujo zilizofuata zaidi ya watu 100 waliuawa na wapatao 100,000 wakayakimbia makazi yao. Kwa hiyo mtu wa Likoni aliyekuwapo wakati ule hahitaji kufasiriwa fungu hili. Tume ilikuwa na haki ya kuliogopa.

Hata hivyo neno "bara" lenyewe ni gumu zaidi ya linavyodhaniwa Nairobi. Kwa jiografia, Likoni, Kisauni na Changamwe zote ziko bara: hufikiwa kutoka kisiwani kwa feri, kwa daraja la Nyali na kwa njia ya Makupa. Changamwe, tena, ni jina la mojawapo ya Thelatha Taifa, pamoja na Kilindini na Tangana. Basi Mchangamwe kwa nasaba ni mwenyeji wa Mvita, ilhali mtaa wenye jina hilohilo umekaliwa kwa miongo mingi na watu walioletwa na kazi za bandari, reli na kiwanda cha kusafishia mafuta kutoka pembe zote za nchi. Yupi kati yao ni mbara? Neno peke yake halijibu.

Kinachojibu ni sarufi, na hapa ndipo orodha inapopungukiwa. Linganisha "wabara waende kwao" na ile kauli mashuhuri ya Mombasa Republican Council, "Pwani si Kenya". Kauli hii ya pili ina kiima cha mahali na kiarifa cha kukanusha. Ni dai la kisiasa, zuri au baya, lakini halimwamrishi mtu yeyote kuhama. Serikali ililipiga marufuku kundi hilo mwaka 2010, na Mahakama Kuu mjini Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo Julai 2012. Kauli ya kwanza ina kiima cha watu, kitenzi katika hali tegemezi chenye nguvu ya amri, na "kwao", neno fupi linalokana kwamba hapa ni kwao pia. Sumu imo katika "waende" na "kwao" kuliko katika "wabara".

"Madoadoa" ni mfano mwingine. Anayesema "madoadoa yaondolewe" amewatoa watu katika upatanisho wa wa- na kuwatia katika ule wa vitu. Lakini chui naye ana madoadoa, na kitambaa pia. Mashine inayotafuta neno itakamata vyote viwili, kisha itampita mchochezi aliyebadili tashbihi jana usiku. Mradi wa Umati, ulioanza kufuatilia maandishi ya mtandaoni nchini Kenya mwaka 2012, ulikuwa na busara zaidi: uliwatumia wasomaji wa lugha kadhaa, Sheng ikiwamo, nao walipima ni nani asemaye, anawaambia nani, na wasikilizaji wake wanaweza kutenda nini. Kazi hiyo ni ya polepole na ya gharama, ila ni kazi ya kusoma hasa.

Kukosea upande wa pili nako kuna historia yake Mombasa. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa waraka "Kenya: Twendapi?", ambao dola iliusoma kuwa uchochezi. Malalamiko ya ardhi ya Likoni, ambako wengi wamejenga juu ya viwanja visivyo na hati kwa majina yao, hayawezi kusemwa bila kutaja wenyeji na wageni. Msemaji wa malalamiko hayo akinyamazishwa kwa sababu ametamka "wakuja", mchochezi atakuwa amepewa hadhira iliyokwisha kukasirishwa.

Na hilo "wakuja" ndilo lililoingizwa kwa haraka kuliko yote. Laweza kuwa utani baina ya watu waliooleana, laweza kuwa kijembe, laweza kuwa tangazo la kumfukuza jirani wa Kisauni nyumbani kwake. Idara za Kiswahili zingeweza kulikusanyia sentensi zake, kila moja na msemaji wake, msemwa wake, mahali na mwaka, kabla ya orodha nyingine kutolewa.