Mganga wa Handeni, Mtoto wa Korogwe na Kauli ya "Utafiti Umethibitisha"

Uhakiki wa kisaikolojia umetuvutia wengi. Mhusika akipelekwa kwa mganga Handeni, basi mhakiki anatafuta makala ya kitaalamu ya kumtia mhusika huyo wazimu. Mimi sina ugomvi na saikolojia. Ninachopinga ni kuandika "utafiti umethibitisha" bila kujiuliza makala yenyewe ni ya aina gani.

Makala ya saikolojia hayafanani. Kuna ripoti ya utafiti, yenye watu waliohojiwa au kupimwa. Kuna mapitio, yanayopima maandishi ya wengine. Kuna makala ya nadharia, yanayojenga hoja, na ya mbinu, yanayokagua vipimo. Kuna pia uchunguzi wa mtu mmoja, wenye kina lakini usio na upana.

Tuchukue mfano. Mwaka 2003 Ngoma, Prince na Mann walichapisha ripoti katika British Journal of Psychiatry. Walilinganisha wagonjwa wa vituo vya afya na wa waganga wa jadi jijini Dar es Salaam. Matatizo ya kawaida ya akili, kama sonona na wasiwasi, yalionekana kwa asilimia 24 vituoni na 48 kwa waganga. Eti basi uganga unaleta wazimu! Hapana. Ripoti ya namna hii inawatazama watu kwa wakati mmoja tu. Haisemi kipi kilitangulia. Huenda wenye dhiki ndio wanaokimbilia kwa mganga. Isitoshe, Dar es Salaam si Handeni.

Twende Korogwe, kwa mtoto wa shamba la mkonge ambaye mhakiki anamwita mzito wa akili kwa sababu kashindwa mtihani. Mwaka 2002 Sternberg na wenzake waliripoti jaribio la watoto wa shule karibu na Bagamoyo. Waliwapima, wakawafundisha kidogo, wakawapima tena, alama zikapanda. Jaribio hilo halimzungumzii mtoto wa Korogwe, lakini linatupa swali la kumuulizia: je, alama za mara moja zinaonyesha uwezo wake wote?

Kwa hiyo wenzangu, kabla ya kunukuu tusome sehemu ya mbinu. Nani aliulizwa? Wapi? Kwa lugha gani? Tukiiruka, tunawabandika watu wa Handeni na Korogwe ugonjwa ambao hakuna aliyeupima kwao. Mwenye hoja tofauti aiandike, tujadiliane.