Pipa la Mbao na Hekima ya Kalafati

Apitaye mialo ya Ilemela, mkoani Mwanza, kutoka Kirumba hata Igombe na Kayenze, huiona mitumbwi iliyopandishwa nchi kavu ikingojea mafundi. Na ye yote akusudiaye kuotesha maua au mchicha katika pipa la mbao nje ya nyumba yake hana chuo kilicho karibu kuliko hicho, kwa kuwa mtumbwi na pipa ni ndugu wa tumbo moja, mbao zilizounganishwa ubavu kwa ubavu.

Na tuitazame kwanza kazi ya fundi. Mbao inywapo maji hutanuka kwa mapana, na ikaukapo husinyaa, ilhali urefu wake haubadiliki ila kidogo mno. Ndiyo sababu chombo kilichokaa juani hufunguka maungio. Hapo fundi hutia kalafati, yaani hushindilia pamba katika nyufa kwa patasi na nyundo, na chombo kishushwapo ziwani, mbao hunywa maji, hutanuka, zikaibana ile pamba hata njia ya maji ikazibika.

Pipa halina pamba: lashikwa na pete za chuma tu. Likiachwa tupu katika kiangazi cha Juni hadi Septemba, mbao husinyaa, pete hulegea zikateremka, nalo hubomoka. Tadbiri yake ni kulijaza maji siku chache hata lifumbate, kuzikaza pete kwa skrubu fupi, kisha kulitia udongo na kulimwagilia pasipo kukatiza.

Lakini unyevu huo huo waweza kuleta maangamizi. Kuvu waozeshao mbao hawastawi pale ambapo unyevu haufiki asilimia 20 ya uzito wa mbao kavu, wala hawastawi katika mbao iliyozama kabisa, kwa kukosa hewa. Hustawi palipo na maji na hewa pamoja. Kwa hiyo mtumbwi aghalabu huoza yanapotuama maji ya mvua, na pipa huoza kitakoni, linapogusa ardhi. Basi likisha kufumbata, kabla ya kutiwa udongo, na litobolewe matundu chini, na liinuliwe juu ya mawe, ambayo Mwanza haina uhaba nayo, ili maji yatoke, upepo upite, na njia za mchwa zionekane mapema.

Upande wa nje upakwe mafuta ya kitani kabla ya kiangazi, yapunguze kasi ya mbao kukauka. Ndani pasipakwe kitu, mbao zipate kunywa unyevu wa udongo. Oili chafu ya magari, ambayo wengi huipaka kwa hofu ya mchwa, haifai katu, kwa sababu hupenya udongoni ikadhuru mimea na mwenye kuila.

Ewe msomaji, kabla hujanunua dawa ya mbao dukani, nenda mwaloni ukawaulize mafundi wa mitumbwi. Ujuzi wao umejaribiwa na ziwa lenyewe, nao wastahili kuheshimiwa na kurithishwa.