Usemi wa Taarifa katika Kiingereza na Kazi ya Waandishi wa Bunge

Katika shule zetu nyingi, mwanafunzi wa Kiingereza afikapo somo la kugeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa hupewa jedwali la safu mbili, akaambiwa kwamba "will" huwa "would", "today" huwa "that day", na "here" huwa "there", na akiisha kulihifadhi huhesabiwa kuwa amelimaliza somo. Jedwali hilo lina faida yake, na simlaumu mwalimu mwenye wanafunzi wengi na muda mchache kwa kulitumia. Lakini halisemi ni kwa sababu gani neno moja hubadilika na jingine hubaki kama lilivyokuwa, na kwa hiyo siku mwanafunzi akutanapo na sentensi isiyokuwamo katika safu zile hukosa la kushika. Bora, kwa maoni yangu, tuitazame kazi hii jinsi ilivyofanywa na watu walioifanya kila siku kwa riziki yao, nao ni waandishi wa majadiliano ya Bunge la Uingereza katika karne ya 19.

William Cobbett alianza kuyachapisha majadiliano hayo mwaka 1803, kisha kazi ikapita mikononi mwa mchapaji Thomas Curson Hansard, ambaye jina la ukoo wake ndilo zinaloitwa hata leo taarifa rasmi za mabunge mengi, ya Nairobi na Dodoma yakiwamo. Kwa sehemu kubwa ya karne ile hotuba zilikusanywa kutoka magazetini, nazo magazetini zilifikishwa na vijana waliokaa roshani ya Bunge wakiandika kwa hati mkato. Charles Dickens alikuwa mmoja wao mwanzoni mwa miaka ya 1830, kabla ya kupata sifa kwa riwaya zake. Aghalabu kilichochapwa hakikuwa maneno ya mbunge kama yalivyomtoka kinywani, bali taarifa ya maneno hayo katika nafsi ya tatu na wakati uliopita, na desturi hiyo ilidumu mpaka mwaka 1909, Baraza la Makabwela lilipoweka waandishi wake lenyewe na hotuba zikachapwa katika nafsi ya kwanza.

Natunga mfano ili tuione kazi yenyewe kwa karibu. Mbunge anasimama jioni na kusema: "I shall vote against this Bill tonight, because the Minister promised us yesterday that he would change it, and he has not changed it." Mwandishi, akitoka roshani na daftari lake, huandika: "He would vote against the Bill that night, because the Minister had promised them the day before that he would change it, and he had not changed it." Hebu tuzifuate hatua zake. "I" imekuwa "he" na "us" imekuwa "them", kwa kuwa mwandishi si mbunge wala hakuahidiwa kitu. "Shall" imekuwa "would", kwa kuwa kura ambayo kwa msemaji ilikuwa bado haijapigwa, kwa msomaji wa kesho yake ni jambo lililokwisha pita. "Tonight" na "yesterday" zimeondoka, maana usiku wa msemaji si usiku wa msomaji. Ahadi ya waziri, ambayo ilikuwa imetangulia hotuba, imesukumwa nyuma hatua moja zaidi ikawa "had promised". Lakini "would change" haikuguswa hata kidogo, kwa sababu mbunge mwenyewe alikuwa amekwisha igeuza alipokuwa akisimulia ahadi ya waziri. Ilikuwa taarifa ndani ya hotuba, na kilichokwisha geuzwa hakina pa kwenda tena.

Yote hayo yana asili moja, nayo ni mahali asimamapo mwenye kueleza. Nahodha aliyemo chomboni husema kwamba Pemba iko mbele na Tanga iko nyuma, na kwake yeye ni kweli. Mtu wa pwani akiipeleka habari hiyo mjini hawezi kusema hivyo hivyo bila ya kumpoteza msikilizaji, kwa kuwa yeye hasafiri. Mpasha habari wa Kiingereza hali kadhalika huvipima vitu vyote kutoka pale aliposimama yeye: nani ni mimi, lini ni leo, wapi ni hapa. Ndiyo maana kitenzi cha kuarifu kikiwa katika wakati uliopo, kama katika "He says that he will come", nafsi hubadilika lakini wakati haubadiliki, kwa kuwa msemaji na mpasha habari wamesimama katika wakati mmoja ilhali wao ni watu wawili. Mwanafunzi aliyeyaelewa haya hana haja kubwa ya jedwali.

Utaona pia kwamba katika ibara ile ya mwandishi maneno "he said" hayamo. Hotuba ya saa nzima ingechosha mno lau kila sentensi ingeanza kwa "alisema kwamba", na waandishi wale waligundua kwamba huko kurudisha wakati nyuma kunatosha kuwa alama ya kuarifu: maadamu "would" na "had" zinaendelea kufuatana, msomaji anajua kwamba yanayosemwa ni ya mbunge wala si ya gazeti. Naiona hii kuwa sehemu yenye hekima kubwa kuliko zote katika ufundi huu, na katibu yeyote aandikaye kumbukumbu za mkutano kwa Kiingereza angefaa ajifunze kutoka kwao.

Ila kazi hii ina hasara zake, na hasara ya kwanza ni nafsi. Katika mfano wetu "he" ya mwanzo ni mbunge, na "he" mbili za baadaye ni waziri. Mwanzo zilitenganishwa na "I", sasa zimekuwa neno moja kwa watu wawili, na katika hotuba ndefu yenye watu watatu au wanne msomaji hupotea njia. Hapo mwandishi hana budi kulirudia jina au cheo cha mhusika hata kama sentensi itakuwa nzito. Hasara ya pili ni ya nyakati, nayo haina dawa. "Promised" ilikuwa wakati uliopita na "has not changed" ilikuwa wakati timilifu, na baina yao palikuwa na tofauti ya maana, kwani ile ya pili inabeba habari kwamba mlango wa kubadilisha ulikuwa bado wazi; baada ya kugeuzwa zote mbili zimekuwa "had". Kwa hiyo swali la mtihani linalomtaka mwanafunzi airudishe taarifa kuwa usemi halisi lina majibu sahihi zaidi ya moja, na msahihishaji anayekubali moja tu anamdhulumu mtoto aliyeandika jingine.

Kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili ugumu una chanzo chake. Tunasema "alisema anaumwa", na "-na-" hiyo haipimwi kutoka kwa mpasha habari bali kutoka wakati ule wa kusema. Aliumwa wakati aliposema, basi. Mtoto aandikapo "He said that he is sick" anafuata kaida ya lugha yake iliyo sahihi kabisa, na afaa aelezwe hivyo kabla ya kukosolewa. Linalonisikitisha zaidi ni kinyume chake, yaani kuipeleka kaida ya Kiingereza katika somo la Kiswahili, ambapo "Nitakuja kesho" hulazimishwa kuwa "Alisema kwamba angekuja siku iliyofuata". Katika Kiswahili "-nge-" ina sharti ndani yake, na asikiaye "angekuja" hukaa akingoja "lakini". "Alisema atakuja" hutosha, na ndivyo wasemavyo watu wazima nyumbani.

Katika maswali hatuna taabu kubwa, kwa kuwa mpangilio wa taarifa ya Kiingereza unakaribia wetu: "Where do you live?" huwa "He asked me where I lived", na "do", iliyokuja kwa ajili ya swali tu, huondoka pamoja na swali. Kadhalika "tell" hudai mwambiwa kama "-ambia" inavyomdai, na "say" haimdai, kama "-sema". Lililo gumu ni "must". Ikiwa ni wajibu wa msemaji, huweza kuwa "had to", na ikiwa wajibu wenyewe ungali mbele, "would have to"; lakini ikiwa ni dhana tu, kama mtu asemaye "He must be tired" kwa kumwona mwenziwe anavyojikongoja, hubaki "must", kwa sababu hapana wajibu wowote uliotajwa. Hapa jedwali halisaidii hata kidogo. Sharti mtu aelewe kilichokusudiwa.

Limebaki jambo la ukweli unaoendelea. Vitabu hufundisha kwamba dunia kuwa mviringo hakurudishwi nyuma, na huishia hapo, kana kwamba ruhusa hiyo ni ya mambo ya jiografia peke yake. Sivyo. Waziri akisema jana kwamba daraja ni bovu, mpasha habari anaweza kuandika "The Minister said that the bridge was unsafe", akaliacha neno kuwa la waziri, au akaandika "is unsafe", na hapo anajiunga naye, akikubali kwamba daraja ni bovu hata sasa anapoandika. Mwandishi wa Bunge, ambaye kazi yake haikuwa kutoa ushahidi juu ya daraja, alibaki na "was". Mwandishi wa gazeti anayetaka wasomaji wake wasilipite daraja hilo leo jioni ana haki ya kuandika "is".