Wengi Wape: Shaka na Umoja katika Kinjeketile

Tangu ilipochapishwa mwaka 1969, tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, imefasiriwa aghalabu kama sifa ya umoja. Fasiri hiyo ina mashiko. Vita vya Majimaji vya 1905–1907 viliwakutanisha watu wa jamii mbalimbali wa kusini mwa Tanzania ya leo dhidi ya Wajerumani, na maji ndiyo yaliyowaunganisha. Hata hivyo, fasiri hiyo inaliruka swali zito: katika umoja uliosimikwa juu ya imani isiyohojiwa, mwenye shaka ana nafasi gani?

Mwenye shaka katika tamthilia hii si mwoga wala msaliti. Ni Kinjeketile mwenyewe. Anapotambua kwamba ahadi aliyoitamka akiwa amepagawa na Hongo inawaweka watu wake chini ya Seyyid Said, anatanabahi kwamba huenda ukombozi huo ni kubadilisha bwana tu. Anawataka watu wasubiri, hawasubiri. Wahenga walinena: wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe. Hapa wengi wanachukua hata neno la nabii na kulitumia dhidi ya ushauri wake.

La kuzingatiwa ni jinsi shaka inavyozimwa. Baina ya Kinjeketile na Kitunda, shaka inazungumzwa faraghani. Hadharani inatawala sauti moja. Kinachowafumba vinywa ni hofu kwamba kukana maji ni kuubomoa umoja ambao maji yameujenga. Mwanasaikolojia wa Marekani, Irving Janis, aliielezea hali iliyo karibu na hii mwaka 1972, alipochunguza jinsi kundi dogo la washauri linavyoficha mashaka yake ili lisivuruge maelewano. Hussein alikuwa amekwisha kuisawiri kwa upana zaidi: kwake, kundi hilo ni umma mzima, na anayejinyamazisha ni kiongozi wake.

Mwisho wa tamthilia unaukaza utata huu. Katika historia, Kinjeketile Ngwale alinyongwa Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Mtunzi amemrefushia maisha mhusika wake ili ayakabili matokeo: watu wameangamizwa kwa bunduki za rashasha, naye yumo gerezani akisihiwa na Kitunda aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuwa neno hilo litawafaa wajukuu. Wahakiki wengi wameuona huo kuwa ushujaa, na ni ushujaa kweli. Lakini ni ushindi wa mwisho wa umma juu ya dhamiri ya mtu mmoja pia, kwani anakufa akilinda kauli ambayo yeye mwenyewe hana hakika nayo. Hussein hasuluhishi mgongano huu. Anamwacha Kitunda aibebe hoja ya waliokufa, na Kinjeketile aibebe ya watakaozaliwa.

Kwa hiyo, kuifundisha Kinjeketile kama wimbo wa umoja pekee ni kuipunja. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba dhamira ya tamthilia ni moja, na ambaye analiandika jibu hilo kwenye mtihani kwa kuwa darasa zima linaliandika, amefanywa kuwa mmoja wa umati uleule unaosailiwa na Hussein. Umoja anaoutaka mtunzi huyu ni ule unaoweza kusikia swali la Kitunda kabla ya vita, si gerezani.